Angani hakuna honi: Kuongea redioni pekee hakuokoi ndege

Kama wewe ni wa Buruburu, unajua vile Mumias South Road huwa jioni afande akishaenda zake. Mathree inachomoka huku, bodaboda kule, na mwenye Probox ameamua yeye ndo wa kwanza. Bado wengi wetu hufika nyumbani, kwa sababu kila dereva anamwangalia mwenzake, anapiga honi, anashika breki. Sasa fikiria hayo makutano yakiwa hewani, ambako huwezi kusimama, na anayekuja anapita kilomita 150 kwa saa.

Hivyo ndivyo marubani hutua kwenye viwanja visivyo na mnara wa kuongozea ndege. Na viko vingi. Ukipanda ndege ndogo kwenda Maasai Mara, utashukia sehemu kama Keekorok ama Ol Kiombo. Huko hakuna mtu kwenye mnara wa kumwambia rubani wako, "Ngoja, kuna mwingine anatua." Marubani wanajipanga wenyewe.

Wanajipangaje? Wote wanafungua redio kwenye masafa yale yale. Kabla ya kufika, kila mmoja anajitaja: ni ndege gani, iko wapi, iko juu kiasi gani, inataka kufanya nini. Kisha anaingia kwenye mzunguko wa kiwanja, ambao kwa kawaida ni wa kukata kushoto, kama futi 1,000 juu ya ardhi. Anapita sambamba na barabara ya kutua, anakata kona, anakata tena, anashuka akikabili upepo. Kwa sababu wote wanapita njia moja, unajua pa kumtafuta mwenzako. Mkikutana uso kwa uso, kila mmoja anaenda kulia. Ni utaratibu mzuri, na siku nyingi unafanya kazi.

Lakini usidanganyike ati ukishaongea redioni umemaliza. Kusema ni kitu kimoja, kusikika na kuonekana ni kingine.

Chukua Quincy, jimbo la Illinois, Marekani, Novemba 19, 1996. Kiwanja hakikuwa na mnara. Ndege ya abiria ilikuwa inatua, na nyingine ndogo ilikuwa imesimama kwenye barabara inayokatana na ile ya kutua. Marubani wa ndege ya abiria waliuliza redioni kama iliyo chini itangoja. Jibu likaja kwamba itangoja. Shida ni kwamba aliyejibu alikuwa rubani wa ndege ya tatu, iliyokuwa nyuma ya ile, na sehemu ya maneno yake ikafunikwa na kengele ndani ya chumba cha marubani. Ile ya mbele ikaondoka. Zikagongana pale njia zinapokatana, na watu wote 14 wakafa.

Ama Watsonville, California, Agosti 18, 2022. Huko nako hakuna mnara. Cessna 152 ilikuwa kwenye mzunguko wa kawaida. Cessna 340 ikaja moja kwa moja kutoka mbali, kwa kasi kubwa kupita kiasi. Wote wawili waliongea redioni, na wa mbele hata alilalamika kwamba wa nyuma anamkaribia haraka. Ziligongana hata hivyo. Watu watatu wakafariki.

Na kama unadhani dawa ni kujenga mnara tu, kumbuka Wilson, hapa hapa Nairobi. Wilson ina mnara. Machi 5, 2024, Dash 8 ya Safarilink iliyobeba watu 44 kuelekea Diani iligongana angani na Cessna 172 ya mafunzo. Dash 8 ilirudi salama. Cessna ikaanguka ndani ya Mbuga ya Nairobi, na wawili waliokuwamo wakaangamia. Hao walikuwa darasani, buda. Walitoka asubuhi kwenda kujifunza kazi.

Macho nayo yana mipaka. Ndege inayosogea kwenye kioo chako utaiona haraka. Inayokuja kukugonga hukaa mahali pamoja, kama doa, halafu ghafla inajaa kioo chote. Ndege yenye mabawa juu haioni vizuri kilicho juu yake, na yenye mabawa chini haioni kilicho chini. Ziweke hizo mbili moja juu ya nyingine zikishuka kutua, na hakuna anayemwona mwenzake.

Ndiyo maana nasema hivi: redio, macho na mashine, vyote vitatu, kila safari. Kuna vifaa vinavyotangaza ndege iko wapi na kumwonyesha rubani walio karibu. KCAA, mamlaka inayosimamia usafiri wa angani, ihakikishe hata ndege ndogo ya shule ya urubani haipai bila kifaa hicho. Ndege za mafunzo ndizo hushinda zikizunguka uwanja, na ndizo hubeba vijana wa rika letu. Mzazi anayeuza shamba kulipa karo ya urubani ana haki ya kuuliza shule, "Hii ndege inaonaje nyingine?" Wewe unayetaka kujiunga, uliza pia, kabla hujalipa.

Na wewe msee wa droni, unayepiga video za mtaa kutoka juu ya paa, hili linakuhusu. Sheria za 2020 zinataka usajili na kibali. Moi Air Base iko hapo Eastleigh. Droni yako haiongei kwenye masafa ya marubani, na rubani hawezi kuiona mapema. Isajili, omba kibali, na ukisikia injini ya ndege, ishushe mara moja. Hiyo video utaipiga baadaye.