Simu umelipia, lakini kitufe kiko kwa nani?

Wiki hii nilipanga kuwaletea mkusanyo wangu wa kawaida: vifaa vipya, habari za teknolojia na vituko vya mtandaoni. Vituko vipo, tulia. Ila vyote nilivyochagua vinarudi kwa swali moja, na swali lenyewe lilinikuta kitandani Roysambu, saa kumi na mbili asubuhi.

Nilinyoosha mkono nichukue simu nikakuta imefungwa. Si ile kufungwa ya nambari ya siri. Skrini yote ilikuwa ujumbe mmoja: una malimbikizo, lipa ili uendelee kutumia simu hii. Chini yake kulikuwa na nambari ya paybill na nafasi ya kupiga simu ya dharura. Basi. Deni lilikuwa la siku mbili, shilingi 150.

Hizo 150 nilikuwa nazo. Ziko wapi? M-Pesa. M-Pesa iko wapi? Ndani ya simu iliyofungwa. Ilibidi nitoe laini, nishuke ngazi hadi kwa mama wa mandazi, nimwombe kabambe yake nitie laini yangu. Alinipa, ila alicheka kwanza: "Wewe kijana wa mitandao ndiye unaniomba kabambe?" Nikalipa palepale. Simu ilifunguka saa tano.

Sasa, mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na laptopu niliiuza zamani. Kazi yangu ni kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika kwa maneno, yote kwa simu. Siku hiyo kulikuwa na kazi ya shilingi 4,000 ya kuwasilisha saa mbili asubuhi. Ilikuwa imekamilika, iko humo ndani, imebaki kutumwa tu. Simu ilipofunguka, ujumbe wa kwanza ulikuwa wa mteja: pole, tumempa mtu mwingine.

Nikakaa chini na karatasi, kitu ambacho ningefanya kabla ya kusaini. Simu hiyo hiyo, ukienda Luthuli na pesa mkononi, ilikuwa 17,500. Mimi niliweka 3,500 za kuanzia, halafu 75 kila siku kwa siku 365. Piga hesabu: 27,375 ukijumlisha na 3,500 ni 30,875. Siku waliponifungia nilikuwa nimelipa siku 240, yaani 18,000 na zile 3,500. Jumla 21,500. Kwa hivyo nilifungiwa kwa sababu ya shilingi 150 kwenye simu ambayo tayari nilikuwa nimeilipia zaidi ya bei yake ya dukani.

Kufunga kifaa kutoka mbali si jambo la simu za mkopo peke yake. Hebu tuzunguke dunia kidogo.

Tuanze na vitabu. Julai 2009, watu Marekani waliokuwa wamenunua vitabu viwili vya George Orwell kwa Kindle waliamka wakakuta vimepotea. Kimoja kilikuwa 1984, hadithi ya serikali inayofuta kumbukumbu. Kingine ni kile ambacho wengi hapa tunakijua kama Shamba la Wanyama. Amazon ilisema aliyeviweka sokoni hakuwa na haki ya kuviuza, ikarudisha pesa na kuvifuta kwenye vifaa vya wateja. Baadaye Jeff Bezos mwenyewe aliomba msamaha. Ila fikiria muuza vitabu wa pale Tom Mboya aingie kwako usiku, achukue kitabu kwenye meza na akuachie pesa chini ya mlango. Hata kama pesa imerudi, ungepiga nduru.

Twende kwa iPhone. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza mwendo wa baadhi ya simu za zamani. Sababu waliyotoa ina maana: betri ikichakaa, simu ikivuta nguvu nyingi kwa ghafla inaweza kuzima. Shida ni kwamba hawakuwa wamewaeleza wenye simu. Watu walidhani simu imezeeka wakanunua mpya, kumbe wengine walihitaji betri tu. Mwaka 2020 Ufaransa iliipiga Apple faini ya euro milioni 25 kwa kutowajulisha wateja, na Marekani kampuni ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi.

Ya tatu ni trekta. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuvamia Ukraine, mashine za shamba za John Deere ziliibwa kutoka duka la mji wa Melitopol na kusafirishwa hadi Chechnya, mamia ya kilomita. Walipofika kuziwasha, zilikuwa zimefungwa kwa mbali, chuma tupu. Dunia nzima ilipiga makofi, hata mimi nilicheka. Lakini kitufe kinachomzima mwizi kinaweza kumzima mkulima pia. Wakulima wa Marekani wamelalamika miaka mingi kwamba programu iliyo ndani ya trekta zao inawazuia kuzitengeneza wenyewe, na Januari 2025 tume ya biashara ya serikali yao iliishtaki John Deere kwa jambo hilo.

Ya mwisho ndiyo kiboko, na inatoka Poland. Treni zilizoundwa na kampuni ya Newag zilipelekwa kufanyiwa huduma kwa karakana ya kampuni nyingine. Mafundi wakamaliza kazi, kila kitu kiko sawa, treni zikagoma kuwaka. Karakana ikawaita vijana wa kuchokora programu wanaojiita Dragon Sector. Desemba 2023 walieleza walichokuta: kwa maelezo yao, kwenye kompyuta za baadhi ya treni kulikuwa kumeandikwa mahali karakana za wapinzani zilipo, na treni ikikaa hapo kwa muda, inajifunga. Newag ilikana vikali. Lakini fikiria gari lako likijua kwamba umelipeleka Grogan badala ya kwa waliokuuzia, halafu linune.

Kitabu, simu, trekta, treni. Kila mahali mtu amelipa na kifaa kiko mikononi mwake, lakini neno la mwisho liko kwa mtu mwingine asiyemwona. Tofauti yetu sisi ni kwamba mkulima wa Marekani ana mawakili na tume ya kumtetea. Kijana wa Roysambu ana nambari ya huduma kwa wateja inayopiga muziki.

Kwa wale hawajui inavyofanya kazi: simu ya mkopo huja na programu iliyokaa chini kabisa ya Android, na imepewa mamlaka kuliko wewe mwenye simu. Inazungumza na kompyuta za muuzaji. Malipo yakiingia, inaambiwa endelea. Yakikosa, inaambiwa funga. Ukifuta simu yote ianze upya, inarudi palepale. Wazo hili Wakenya tulilizoea kwanza kwa taa za sola za kulipia kidogo kidogo: usipolipa, giza. Lakini taa ikizima utawasha mshumaa. Simu ikizima, umepoteza pochi, kazi, shule, na namba ya mathe ambayo hujawahi kuikariri.

Najua kuna msee anasoma hii akisema, si ulisaini? Nilisaini. Na nitasema ukweli: bila mkopo huo singekuwa na simu ya maana. Benki gani itamkopesha mtu aliyeacha chuo, hana hati ya mshahara, hana shamba? Binamu yangu anauza simu, na ananiambia kuna watu hulipa zile pesa za kuanzia halafu wanapotea kabisa, laini imezimwa, nyumba wamehama. Kile kitufe ndicho dhamana yake. Kikiondolewa, duka linafunga, na wa kwanza kukosa simu ni watu kama mimi. Kwa hivyo sisemi mikopo hii ipigwe marufuku. Nasema kitufe kiwe na mipaka.

Mpaka wa kwanza: kupiga simu, ujumbe mfupi na M-Pesa visifungwe kamwe. Zima video, zima michezo, zima TikTok yangu, nitalia lakini nitaishi. Ila mtu asinyimwe njia ya kupata pesa za kukulipa wewe mwenyewe. Hata auctioneer ana mambo anayozuiwa kuchukua. Muuzaji naye anafaidika, kwa sababu mteja aliye kazini hulipa haraka kuliko mteja aliyefungiwa.

Mpaka wa pili: bei yote iandikwe kwa karatasi moja, kwa Kiswahili, kabla ya kusaini. Bei ya pesa taslimu hapa, jumla ya mkopo hapa, ziangaliane. "Shilingi 75 kwa siku" inasikika kama nauli ya matatu wakati hakuna msongamano. "Shilingi 13,375 juu ya bei ya dukani" inakufanya ukune kichwa. Kwa simu yangu hayo maneno yote mawili ni kweli, ila bango la dukani lilikuwa na moja.

Mpaka wa tatu: siku ninapomaliza deni, programu iondolewe kabisa na nipewe cheti. Siyo kulala tu humo ndani. Iondoke, ili nikiiuza au kuipeleka kwa fundi kusiwe na maswali.

Na mtu asiniambie sheria haiwezi kugusa teknolojia. Wengi mnakumbuka zile apu za mikopo zilizokuwa zikipigia shangazi yako, mwajiri wako na eks wako kwamba hujalipa. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zilikataza mambo hayo ya kuwasumbua watu walio kwenye orodha yako ya namba. Ulaya nako, tangu Juni 2025, simu mpya zinatakiwa ziwe na betri inayobaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800, na vipuri vipatikane kwa miaka saba baada ya modeli kuondolewa sokoni. Kampuni zilinung'unika lakini simu bado zinauzwa. Tukitaka, na sisi tunaweza kuweka masharti.

Kuhusu wale mafundi wa mjini wanaosema watakufungulia simu kwa elfu moja na mia tano: niliwafikiria, sitadanganya. Nilirudi nyumbani kwa sababu mbili. Deni lingebaki deni hata simu ikifunguka, na fundi angekaa na simu yangu siku nzima ikiwa wazi, na M-Pesa, picha na kazi za wateja ziko ndani. Nikaona nitakuwa nimehamisha kitufe kutoka kwa mtu ninayemjua jina hadi kwa mtu nisiyemjua.

Nimebakisha siku chache kumaliza. Kila jioni natuma 75 kabla hata ya kununua sukuma. Kazi zangu sasa naziweka nakala mtandaoni kila baada ya nusu saa, na laini yangu ya M-Pesa iko kwenye kabambe niliyonunua kwa mama wa mandazi. Aliniuzia mia saba. Bei ya kulipa mara moja, na hakuniuliza ninakaa wapi.

Kama uko njiani kwenda kuchukua simu ya mkopo wikendi hii, sikuzuii. Nenda, lakini kabla ya kutoa kitambulisho muulize muuzaji mambo matatu: jumla yote ni ngapi, nikichelewa siku moja ni nini hasa kinafungwa, na nikimaliza programu inaondoka? Akijibu yote matatu bila kubabaika, saini. Akianza kukwambia usijali bro, rudi nyumbani na pesa zako za kuanzia, ulale nazo kwanza.