UFUNDI NA VIJANA: Telekomandi Kwanza, Droni Nyuma

Mwezi huu tunasemea vijana wenye kupenda ufundi, pamoja na wazazi wenye kuombwa feza ya kuununua. Hata hapa Kamina, kijana akiona droni ndani ya simu anatamani kupata yake. Hatumukatazi. Lakini wengi wanaanza vibaya: wanatafuta droni mbele, na telekomandi wanaifikiri nyuma. Shauri letu ni hili: anza na telekomandi, uijue vizuri, kisha ununue droni.

Sababu ni wazi. Droni inaanguka. Kila mwenye kujifunza anavunja elisi, yale mabawa madogo yenye kuzunguka, anaunguza moteri, na pengine siku moja anaipoteza kabisa katika majani. Telekomandi inabaki mikononi. Ikiwa muzuri, itaongoza droni ya kwanza, ya pili na ya tatu, hata ndege ndogo utakayojitengenezea mwenyewe. Kumbuka mufano wa Bwana Yesu juu ya mutu mwenye kutaka kujenga munara: anaikaa kwanza na kuhesabu gharama (Luka 14).

Kuongoza chombo kwa radio si jambo jipya. Mwaka wa 1898, kule New York, Nikola Tesla alionyesha watu mashua ndogo aliyoiongoza bila kamba wala waya. Kazi ni ileile leo: telekomandi inasema, na risiva yenye kuwa ndani ya chombo inasikia. Zamani watu wawili wakitumia njia moja ya radio, mumoja alimuangusha mwenzake. Leo telekomandi nyingi zinasema kwa 2.4 GHz, na zinaruka njia kwa njia mara nyingi kila sekunde. Kwa hiyo vijana wengi wanaweza kurusha pamoja bila kugombana.

MBELE YA KULIPA

Ukumbuke kwamba vitu hivi vinafika kwetu kutoka mbali, na ukikosea, kurudisha muzigo kunaweza kula feza yote. Basi uliza mambo haya matano.

1. Inasema lugha gani? Risiva inasikia lugha ya telekomandi yake tu. ExpressLRS ni lugha moja, ile ya FlySky ni ingine. Droni ya ExpressLRS haitaitika telekomandi ya FlySky hata ubonyeze mpaka asubuhi. Telekomandi ya DJI nayo ni kwa droni za DJI. Ukitaka kujifunza ufundi, ExpressLRS inafaa, juu programu yake ni ya bure na kampuni nyingi zinaitumia.

2. Iko na njia ngapi za amri? Nne ni za kuruka: juu na chini, kugeuza pua, mbele na nyuma, kushoto na kuume. Tena unahitaji moja ya kuwasha moteri na ingine ya kubadili namna ya kuruka. Chini ya 6 usikubali.

3. Ni 2.4 GHz ao 900? Chukua 2.4. Zile za 915 MHz zinaingia katika eneo la rezo za simu kwa inchi zetu. Usiharibie watu simu.

4. Kijiti cha kupandisha kiko mukono gani? Kikiwa kushoto, ni Mode 2. Kikiwa kuume, ni Mode 1. Chagua moja pamoja na wenzako, ili mwenye kujua aweze kumufundisha asiyejua.

5. Inakula batri gani? FlySky FS-i6 inatumia batri nne ndogo za AA. RadioMaster Pocket inataka batri mbili za litiamu za aina ya 18650, ambazo haziko ndani ya karto. Sokoni ujihazari: 18650 ya kweli iko karibu na 3500 mAh. Ukiona imeandikwa 9900, ni uongo mutupu.

Telekomandi hizi mbili kule zinakotoka zinauzwa chini ya dola 100, bila kuhesabu usafiri. Kama feza ni kidogo, kikundi cha vijana kinaweza kununua moja kwa wote. Na wazazi muangalie: batri ya litiamu isichajiwe juu ya kitanda, wala usiku watu wakilala.

KUITAYARISHA

Sasa umeipata. Mbele ya kuiwasha, funga antena. Telekomandi yenye kusema bila antena inaweza kuunguza kiungo chake cha kutuma. Kisha tafuta ordinateri ya shule ao ya parokia, na uunge telekomandi kwa kamba ya USB. Kuna michezo ya kuigiza kuruka; pale utaanguka mara mia bila kulipa hata franka moja. Fanya saa kumi hivi, ndipo ufikiri droni.

Siku droni ikifika, kazi ya kwanza ni kutoa elisi zote. Moteri yenye elisi inakata vidole. Kisha fuata mafundisho ya kuoanisha telekomandi na risiva. Kwa ExpressLRS, hakikisha programu za pande zote mbili ni za kizazi kimoja, na uandike maneno yako ya siri. Ni kama kuzifunga ndoa: risiva haitasikiliza tena sauti ya mugeni.

Halafu angalia vijiti kwenye ordinateri. Kijiti katikati kionyeshe karibu 1500. Chini kabisa karibu 1000. Juu kabisa karibu 2000. Ukisukuma kuume, hesabu ya kuume ndiyo ipande, si ya mbele.

Sasa jambo kubwa kuliko yote: droni itafanya nini ikikosa kusikia? Batri ya telekomandi inaweza kuisha, ao droni ikapita nyuma ya miti. Ikiwa haikufundishwa, inaweza kushika amri ya mwisho na kwenda zake. Fungua sehemu yenye kuandikwa Failsafe na uiamuru izime moteri. Kisha jaribu: elisi zikiwa zimetolewa, washa moteri polepole na uzime telekomandi. Moteri zisipojizima kisha sekunde chache, usirushe. Hapana "tutaona."

Shika pia desturi hii: kuwasha, telekomandi kwanza, kuzima, droni kwanza. Na ukiruka, usielekeze ncha ya antena kwa droni. Pale nguvu ni kidogo.

ANGA SI YAKO PEKE YAKO

Hapa kwetu ni lazima tuseme wazi. Karibu na muji kuna base ya jeshi. Tena, ndege ndogo za Kanisa la Methodiste zimebeba wagonjwa kwa miaka mingi katika pande hizi. Fikiri mama mwenye uzazi mugumu ndani ya ndege yenye kushuka, na droni yako iko mbele yake. Na tangu MONUSCO ilipoanza kurusha droni Goma mwezi wa 12 mwaka 2013, watu wengi wakisikia droni wanafikiri vita na upelelezi. Basi omba ruhusa ya AAC, yenye kusimamia anga, na ujulishe wakubwa wa muji mbele ya siku. Bila ruhusa, baki na muchezo wa ordinateri.

Si kazi bure. Mwaka 2016 wanafunzi wa Zanzibar walishiriki kuchora ramani ya visiva vyao kwa droni. Mwaka huohuo Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa droni. Na mwaka 2019 katika jimbo letu la Équateur zilijaribiwa kwa kupeleka chanjo. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na inaingia ndani ya batri nyingi za vyombo hivi. Baba zetu wanaichimba. Watoto wao nao wajue kuviongoza, kwa mukono wenye akili na moyo wenye kuogopa Mungu.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.