Mazoea Yana Taabu



Juma hili nataka tuzungumze habari za nyoka. Najua wengine watasema, "Karani leo atuletea nyoka nyumbani!" Ngojeni kwanza. Hii ni habari ya mtu aliyewajua nyoka kuliko sisi sote, na jinsi alivyokufa. Yamfaa kila mzazi ambaye watoto wake hupanda miti na kuchunga mbuzi porini.

Mtu huyo aliitwa Karl Patterson Schmidt. Alizaliwa mwaka 1890 mjini Lake Forest, jimbo la Illinois, Marekani. Baba yake alikuwa Mjerumani, mwalimu wa chuo. Mwaka 1907 jamaa yote ilihamia Wisconsin kulima, na mwaka 1913 Karl akaingia Chuo Kikuu cha Cornell. Mwaka 1915 alikwenda Louisiana kujifunza kazi katika kampuni ya mafuta, na huko moyo wake ukavutwa na nyoka, mijusi na vyura. Tangu hapo hakuwaacha tena.

Mwaka 1916 akaajiriwa katika nyumba kubwa ya makumbusho ya New York. Huko ndiko alikokutana na Afrika yetu. Wenzake, Lang na Chapin, walikuwa wamekaa Kongo tangu 1909 hata 1915 wakikusanya wanyama wa kila namna. Schmidt akapewa kazi ya kuwatambua watambaao, akaandika kitabu cha mijusi na mamba mwaka 1919, na cha nyoka mwaka 1923. Kabla hicho cha pili hakijatoka, alikuwa amekwisha hamia makumbusho ya Field, Chicago, mwaka 1922. Akakaa huko miaka 33, na tangu 1941 ndiye aliyekuwa mkuu wa idara nzima ya wanyama. Akasafiri Brazili, Guatemala na nchi nyingine kuwatafuta.

Labda mwauliza, kazi hiyo ni kazi gani? Mimi naona ni kama yangu. Karani huandika kitabu cha ubatizo: jina la mtoto, la baba, la mama, na siku. Asipoandika vema, baadaye mtu hajulikani ni nani. Ndivyo Schmidt alivyowaandika nyoka. Alihesabu magamba ya mgongo na ya tumbo, akatazama meno yamekaa mbele au nyuma, akalitazama gamba lililo karibu na mkia kama ni moja au limegawanyika. Aina mpya alizozipa majina zapita 200. Wala tusidhani ni mchezo, kwa maana mganga asipojua sumu ni ya nyoka gani, hajui atoe dawa gani.

Alistaafu mwaka 1955, lakini hakuacha kufika makumbusho. Tarehe 25 Septemba 1957, akiwa na miaka 67, aliletewa nyoka mdogo kutoka bustani ya wanyama ya Chicago, amtambue ni wa aina gani. Urefu wake ulikuwa kama sentimeta 76 tu. Alifanana na yule nyoka wa Afrika ambaye Makaburu humwita boomslang, yaani nyoka wa mti. Huyu anaishi kwetu pia. Ana macho makubwa, hula vinyonga na ndege, na meno yake ya sumu yako nyuma kinywani. Lakini lile gamba la karibu na mkia lilikuwa moja, halikugawanyika, nao wakaona shaka. Mwenzake akamkabidhi, naye Schmidt akampokea mkononi bila kujihadhari. Hivyo ndivyo alivyoandika mwenyewe baadaye. Palepale nyoka akamwuma kidole gumba cha mkono wa kushoto. Jino moja tu liliingia vema, kadiri ya milimeta 3.

Basi mzee yule alifanya nini? Hakwenda hospitali. Alipanda gari la moshi akaenda nyumbani, akaandika yaliyompata saa kwa saa. Kwanza kichefuchefu. Halafu baridi na homa, na ufizi kutoka damu. Jioni akala mkate na maziwa, akalala. Usiku wa manane akakojoa damu. Asubuhi homa imeshuka, akala mayai na mkate, akanywa kahawa, akawaarifu wenzake kwa simu kwamba kesho yake atarudi kazini. Alasiri ya siku ile, tarehe 26, alishindwa kuvuta pumzi, akafa. Waganga walipomfungua walikuta damu imevuja mapafuni, katika figo, moyoni na hata ubongoni. Mungu amrehemu.

Tangu kuumwa hata kufa ilikuwa kama siku moja. Sumu ya nyoka huyu haina haraka. Haileti uvimbe mkubwa kama ya kifutu, wala haizuii pumzi upesi kama ya koboko. Huharibu nguvu ya damu ya kugandamana, hata damu ikavuja ndani mahali pasipoonekana. Ndiyo maana mtu aweza kuketi mezani akala asubuhi, na jioni jamaa zake wakachimba kaburi.

Ndugu zangu, msimcheke mzee yule. Hakuwa mjinga. Miaka 40 aliwashika nyoka, na ule mdogo wa sentimeta 76 akauona si kitu. Wahenga walisema mazoea yana taabu.

Nami ninalo la kuungama mbele yenu. Ofisini mwetu palikuwa na kikopo cha yale mawe meusi yaliyoachwa na mapadre wa zamani. Watu huja, tunachanja kidogo penye jeraha, tunabandika jiwe, likinata twasema lavuta sumu. Mwaka jana mama mmoja aliniletea mwanawe mchungaji, aliyetia mkono katika kiota cha ndege juu ya mti akaumwa kidole. Jeraha lilikuwa dogo, kama la mwiba. Nikachanja, nikabandika, jiwe likanata, maumivu yakapungua. Nikamwambia, "Mama, nenda ukampumzishe, amepona." Usiku ufizi ukaanza kutoka damu, na pale nilipochanja mimi damu haikukoma. Baba yake akampeleka hospitali kwa baisikeli kabla ya mapambazuko. Mtoto ni mzima leo, kwa sababu aliongezewa damu na kulindwa siku nyingi. Si kwa sababu yangu. Jiwe lile ni mfupa uliochomwa. Hunata kwa damu na majimaji, lakini sumu halivuti.

Basi tushike haya. Mtu akiumwa, aketi, asitembee wala kukimbia, abebwe. Mvueni pete na bangili. Kiungo kilichoumwa kisichezechezwe. Mkifunge kwa ubao kama mfupa uliovunjika, lakini msikaze kamba. Msichanje, msinyonye, msimpe pombe. Msipoteze saa kumfukuza nyoka. Mpelekeni hospitali upesi, hata kama haumwi sana, naye akae huko atazamwe mchana na usiku. Mganga aweza kutia damu kidogo katika kijichupa kisafi cha kioo na kuiacha dakika 20. Ikiwa bado ni maji, ajua sumu imekwisha ingia. Dawa ya kifutu na koboko haimfai aliyeumwa na nyoka huyu wa mti. Yake ni ya peke yake, nayo hutengenezwa Afrika Kusini. Kwa hiyo kila saa ina thamani.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliandika kuumwa na nyoka miongoni mwa maradhi yaliyosahauliwa. Lasema kila mwaka hufa watu kati ya 81,000 na 138,000, wengi wao ni wakulima na watoto wa vijijini. Hao ni sisi.

Wako wasemao, "Mtume Paulo aliumwa na nyoka kisiwani Malta, asidhurike." Ndiyo, lakini Paulo hakumtafuta nyoka, alikuwa akiokota kuni. Na Bwana wetu, Shetani alipomtaka ajitupe kutoka juu ya hekalu, alikataa kumjaribu Mungu. Kusali na kukimbilia hospitali havigombani. Salini njiani.

Kile kikopo nimempelekea Baba Paroko, naye amekitoa ofisini. Akija mtu kuulizia jiwe, nitamwonyesha baisikeli yangu iliyoegemezwa ukutani. Hiyo naiazima saa yoyote, hata usiku.

Wenu katika Kristo,
Karani wa Parokia