Maji ya Waridi na Mafuta ya Karafuu: Ukale si Kinga

Mafuta ya mimea husifiwa kuwa salama kwa sababu wahenga waliyatumia. Hoja hiyo ina mvuto, lakini historia ya ukenekaji haiiungi mkono. Kwa karne nyingi, walichotumia wahenga kwa wingi kutoka katika vyombo vya kukenekea kilikuwa maji yenye harufu, si mafuta makali yanayouzwa leo katika chupa ndogo.

Kukeneka ni kuchemsha kitu, kuukamata mvuke wake na kuupoza hadi uwe kimiminika. Zosimos wa Panopolis, aliyeandika takriban mwaka 300, alimtaja Maria, mwanamke wa Kiyahudi aliyemtangulia, kuwa ndiye aliyeeleza chombo cha kukenekea chenye mirija 3. Katika karne ya 9, al-Kindi wa Baghdad alihusishwa na kitabu cha manukato na ukenekaji chenye maelekezo zaidi ya 100. Ibn Sina (980–1037) hutajwa mara kwa mara kuwa mvumbuzi wa ukenekaji wa waridi. Sifa hiyo imepita kiasi, kwani al-Kindi alifariki takriban miaka 100 kabla yeye hajazaliwa. Elimu hii haikuzuka kichwani mwa mtu mmoja, ilipokezanwa.

Zao lake kuu lilikuwa maji ya waridi, yaliyotumika katika tiba, vyakula na manukato. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, maji hayo bado hunyunyizwa kwa mrashi katika maulidi na harusi. Mafuta ya waridi yenyewe ni machache mno: kilo 1 huhitaji tani kadhaa za petali. Uhaba huo ulikuwa kinga, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuyanywa kwa kijiko.

Karafuu haina uhaba huo. Mafuta ni takriban asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa karafuu kavu. Kiambato chake kikuu, yujenoli, huchemka kwenye nyuzijoto 254 hivi za Selsiasi. Hata hivyo, mafuta na maji havichanganyiki, kila kimoja hutoa mvuke wake, na kwa pamoja huchemka chini kidogo ya nyuzijoto 100. Ndiyo maana mvuke wa kawaida hutosha kuyatoa mafuta hayo, hata katika makonyo, kama inavyofanyika katika kiwanda cha Wawi, Pemba.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kijiko 1 cha chai cha mafuta hayo hubeba kiini cha karibu gramu 30 za karafuu kavu, ilhali chungu cha pilau hutosheka na punje chache. Mikononi mwa daktari wa meno, yujenoli iliyochanganywa na oksidi ya zinki ni dawa yenye manufaa. Tumboni mwa mtoto ni jambo jingine: mililita 5 hadi 10 zimewahi kumsababishia mtoto wa miaka 2 degedege, kupoteza fahamu na madhara ya ini.

Kwa hiyo, anayeutetea uasilia wa mafuta haya kwa kuwataja wahenga huwasingizia. Chombo kilekile hutoa maji mepesi na mafuta makali, na kuviita vyote viwili dawa ya asili ni kuficha tofauti ambayo mganga mwangalifu hawezi kuipuuza. Kila chupa ya mafuta inayouzwa inapaswa kuandikwa kwa Kiswahili jina la mmea, nguvu ya mafuta na onyo la kutoyanywa, iwe na kizibo ambacho mtoto hawezi kukifungua, na ihifadhiwe mahali asipopafikia. Aliyeyameza apelekwe hospitali mara moja bila kutapishwa, na chupa yenyewe ichukuliwe. Heshima kwa elimu ya kale haipimwi kwa wingi wa sifa, bali kwa usahihi wa kipimo.