Askari na Jino Bovu

Kila asubuhi gwarideni tunakagua bunduki, viatu na vifungo vya askari. Kinywa chake hatukikagui. Akisema jino linamuuma, wengi wetu wenye vyeo humcheka, kana kwamba jino si kiungo cha mwili, naye hupewa vidonge viwili na kurudishwa zamu.

Tulikuwa na koplo mmoja kambini aliyeomba ruhusa ya nusu siku akanyimwa. Majuma matatu alivumilia. Alijaribu karafuu, akajaribu waragi, akabandika hata aspirini juu ya ufizi, nayo ikamchoma tu. Mwisho akaenda sokoni kwa mtu mwenye koleo. Jino lilikatika, mzizi ukabaki ndani, na baada ya siku mbili taya lilivimba hata asiweze kufungua kinywa wala kumeza mate. Uvimbe wa namna hiyo ukishuka shingoni huziba pumzi na kuua. Koplo alipona, lakini kwa kupasuliwa.

Asili ya yote hayo ilikuwa kitundu kidogo. Vijidudu vya kinywani hula sukari tunayokula na kutoa asidi, na asidi huyeyusha gamba gumu la jino. Wakati huo hakuna maumivu, na tundu laweza kuzibwa upesi. Likifika kwenye kiini chenye mishipa, ndipo usiku huwa mrefu. Kuruti wa miaka ishirini ana shida nyingine pia, kwani magego ya mwisho huota katika umri huo, na ufizi unaoyafunika hunasa chakula na kutunga usaha. Fizi zinazotoka damu wakati wa kupiga mswaki nazo zisidharauliwe: ukoga ukiachwa huwa mgumu kama jiwe, na hatimaye hulegeza hata meno yasiyooza.

Basi aende wapi? Hapa Uganda kituo cha afya cha daraja la nne hutakiwa kuwa na afisa wa meno. Askari aliyehamishiwa mahali pageni aulize hapo, au hospitali ya wilaya, kabla ya kuuliza sokoni. Aone hati ya usajili, aone vyombo vilivyotakaswa kwa mvuke, na apigwe sindano ya ganzi kabla ya koleo kuguswa. Koleo lililofutwa kwa kitambaa tu laweza kuhamisha homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Wala familia zetu zisimpelekee mtu yule watoto wachanga awachimbe kile kiitwacho ebinyo. Anachokitoa ni chipukizi la jino, na homa ya mtoto, ambayo huenda ni malaria, hubaki pale pale bila dawa.

Mwaka 1914 Jenerali Haig wa Uingereza aliumwa jino wakati wa mapigano ya Aisne, Ufaransa. Jeshi lake lilikuwa limekwenda vitani bila madaktari wa meno, ikabidi aletewe mmoja kutoka Paris. Mwaka 1921 Waingereza wakaunda kikosi maalumu cha madaktari hao. Jenerali aliletewa daktari. Koplo wetu alinyimwa nusu siku. Tunawaomba makamanda wa vikosi na wakuu wa vituo vya polisi wakaguze vinywa vya vijana wao kabla ya kuwapeleka Karamoja au penginepo palipo mbali na hospitali, na anayeomba ruhusa kwa ajili ya jino apewe siku hiyo hiyo.