MWIZI HANA KABILA



Kila mara vijana wanapovunja nyumba usiku katika Katuba ao Kenia, asubuhi tunasikia neno moja: «Ni watoto wa wale waliokuja.» Neno hili ni uongo, tena uongo wenye hatari.

Ni nani katika Lubumbashi hakukuja? Muji huu ulianza mwaka 1910. Union Minière ilitafuta mikono Kasai, Ruanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini, ikaweka makabila yote katika kambi moja. Mwezi wa Desemba 1941 makabila yale yaligoma pamoja kwa ajili ya mushahara. Askari walipopiga risasi, hawakuuliza kabila ya mutu.

Mwaka 1992 na 1993 wanasiasa walisema: tufukuze Wakasai, mambo yatakuwa mazuri. Jamaa nyingi zikalala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja gari la moshi, na watoto wakafia pale. Je, wizi uliisha? Kazi ilirudi? Hapana! Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, iliendelea kuanguka. Mwaka 2003 wafanya kazi zaidi ya 10,000 waliondolewa, wakapewa pesa mara moja tu. Posho, masomo ya watoto, lopitali: vyote vilikwenda pamoja na kazi. Mutoto aliyefukuzwa masomo kwa kukosa malipo alikwenda wapi? Sokoni, ao kuchimba mawe Kolwezi. Njaa ikawa mwalimu wake.

Lakini tusijifiche nyuma ya wakubwa. Zamani katika kambi mama yeyote aliweza kumukanya mutoto wa jirani. Leo tunamuona kijana anavuta bangi njiani, tunanyamaza: «Si wa kwetu.» Kunyamaza huku ndiko kunakolea wezi, si muchanganyiko wa makabila.

Basi ndugu, tuwadai wakubwa wa serikali na wa kampuni za mugoti: kazi, na masomo ya ufundi kwa vijana. Kifungo peke yake hakitoshi. Na katika kila njia wazee wa makabila yote wakutane, wawalee watoto wote kama wao.

Kijana akikamatwa, usiulize kabila yake. Uliza: baba yake alipoteza kazi mwaka gani?