Kuku Mjini: Kosa Lake Nini?

Halmashauri za miji zina haki ya kudai miji iwe safi, wala hakuna mwananchi mwenye nia njema atakayelipinga jambo hilo. Lakini yako mambo yatendwayo kwa jina la usafi ambayo hapana budi yasemwe waziwazi. Mojawapo ni vita dhidi ya kuku wa mfanyakazi.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 ilizipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Uwezo huo ni wa lazima. Ila ziko sheria ndogo zinazomtazama kuku kama zinavyolitazama jalala: ni kero, aondolewe. Hazisemi kuku wangapi, wala banda liwe la namna gani. Zinakataza tu, kisha mgambo anatumwa. Kuku wanaokamatwa hatuambiwi wanaishia katika chungu cha nani.

Fikra hii ina asili yake. Mkoloni aliigawa Dar es Salaam katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na usafi ukawa hoja yake kubwa ya kuwatenga watu. Machoni pake, Mwafrika alikuja mjini kutumika, si kuishi. Tumekuwa huru tangu 1961, lakini wako maofisa wetu ambao mpaka leo wanauona mji kwa miwani ile ile.

Wameisahau hata historia yao wenyewe. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bidhaa ziliadimika na mshahara ukapoteza thamani yake mwaka hadi mwaka. Makarani, walimu, wauguzi na hata wakubwa wa idara walijenga mabanda nyuma ya nyumba zao, zikiwemo nyumba za serikali. Mayai yale yalinunua sukari na madaftari ya watoto. Wengi wanaotia saini amri za kuvunja mabanda leo walisomeshwa kwa mayai hayo.

Tena Serikali ilikwisha kulikubali jambo hili. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 ziliruhusu ng'ombe wasiozidi wanne, mradi wafugwe ndani bila kuachwa wazurure. Ikiwa dola iliweza kumhesabia ng'ombe mahali pake mjini, inashindwaje kumhesabia kuku?

Tutajibiwa kwamba kuna harufu, kelele na maradhi. Ni kweli, na anayefuga kwa uchafu aadhibiwe bila huruma. Lakini tulitazame suala la maradhi kwa makini. Mdondo huweza kuteketeza banda zima kwa siku chache tu. Kinga yake ni chanjo, tone moja katika jicho la kila kuku, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Sasa mfugaji anayejificha atamwitaje bwana mifugo? Kuku wakianza kufa, atawazika usiku au, vibaya zaidi, atawauza upesi sokoni. Marufuku hiyo haiwaondoi kuku mjini. Inamwondoa mtaalamu tu, na ugonjwa unabaki mtaani bila mtu wa kuuona.

Na anayeumia ni nani? Si yule mwenye ukuta mrefu na mbwa wakali, ambaye mgambo hathubutu kubisha hodi kwake. Anayeumia ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye kuku kumi, na mama mjane aliyepanga chumba uani.

Madiwani wazirudie sheria hizo katika vikao vyao. Idadi ya kuku ipangwe kwa ukubwa wa kiwanja, banda likae mbali na dirisha la jirani, na mfugaji aonyeshe kadi ya chanjo. Pale nyumba zilipobanana, jogoo azuiwe. Mitetea hutaga bila yeye, na majirani watalala. Hadi kazi hiyo imalizike, mgambo wasimamishe misako ya mabanda na wapelekwe kwenye mitaro iliyoziba, ambako uchafu haujawahi kujificha.